Stoo imejaa madumu ya oili: kipi kitumike, kipi kiondoke

*"Nina gari dogo la petroli na pikipiki, na kwa miaka mitano sasa nabadilisha oili mwenyewe. Sipendi kutupa kitu, kwa hiyo stoo imejaa. Kuna chupa za oili safi zilizobaki nusu au robo: tatu ni 5W-30 ya gari, moja ni 10W-40 ya pikipiki, na moja ni ya 2T niliyopewa. Kuna madumu mawili ya oili chafu, jumla kama lita thelathini. Rafiki yangu anasema nikiichuja kwa kitambaa inafaa kwenye pikipiki. Baba anaitaka apake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Mke wangu ameomba madumu matupu ya kuwekea maji, na pipa la bati nataka fundi alikate tuweke taka. Nisaidie kupanga. Halafu jambo dogo: oili niliyomwaga kwenye gari mara ya mwisho ilitoka na rangi kama kahawa iliyotiwa maziwa. Nimeiweka kwenye dumu lake peke yake. Je, inaweza kuharibu nyingine nikiichanganya?"*

Ndugu yangu, kabla hatujaingia stoo: gari lililotoa oili ya rangi hiyo lipumzishe. Usiliwashe hata kwa safari ya dakika mbili mpaka umalize kusoma. Uliloliita jambo dogo ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia, na nitalirudia mwishoni kwa urefu wake.

Sasa stoo. Naona kinachokusumbua ni uchungu wa kutupa kitu ulichokinunua kwa fedha yako, na uchungu huo ninao hata mimi. Nimefanya kazi na vilainishi miaka mingi, na bado roho huniuma nikikuta chupa imetupwa na oili ndani. Lakini umeweka chini ya paa moja vitu viwili vinavyofanana jina tu. Oili safi iliyobaki ni mali. Oili chafu ni kitu kingine kabisa, na karibu kila ushauri uliopewa unatokana na kudhani kwamba ni oili ileile, imechoka kidogo tu.

Tuanze na mali. Zichukue zile chupa tatu za 5W-30 uzigeuze, usome nyuma. Mbele kuna maneno ya kuuzia. Nyuma ndiko kwenye alama za ubora. Tafuta herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili, kwa mfano SN au SP. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi inayofuata kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya zaidi: SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Kama zote tatu zinafikia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, zimimine pamoja bila hofu, hata kama kampuni ni tofauti, hata kama moja ni sintetiki na nyingine ni ya kawaida. Imani kwamba hizo mbili zikikutana ndani ya injini zinagandana imeenea sana, na si kweli. Sharti mojawapo la kupewa kibali cha API ni kwamba oili ichanganyike na nyingine zenye kibali bila kujitenga. Unachopoteza ni kile cha ziada ulicholipia kwenye ile iliyo bora, kwa sababu mchanganyiko huhesabiwa kwa kiwango cha iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana mchanganyiko kama huo mimi huutumia kujazia tu. Siku ya kubadilisha oili yote, natia oili ya aina moja.

Kujazia nako kuna kiasi chake. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu kwenye stiki ya kupimia ni karibu lita moja. Robo lita yako basi itapandisha oili kama robo ya nafasi hiyo. Mimina kidogo, subiri dakika chache ishuke, pima tena. Usipitishe alama ya juu kwa sababu tu chupa imebakiwa na kidogo na unataka kuimaliza. Oili ikizidi, kreki shafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huanza kuipiga mpaka inatoa povu, na povu ni hewa. Hewa hailainishi chuma.

Ile 10W-40 ya pikipiki irudi kwenye pikipiki, na 5W-30 ya gari isiingie huko kabisa. Pikipiki nyingi zina oili moja inayohudumia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Sahani za klachi zimezama ndani ya oili hiyohiyo. Oili nyingi za magari ya petroli, hasa nyepesi kama 5W-30, zimetiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Klachi kazi yake ni kushika kwa msuguano. Ukiipa oili ya namna hiyo itaanza kuteleza: unavuta akseli, injini inalia, pikipiki haiendi. Kwenye chupa ya pikipiki tafuta neno JASO likifuatwa na MA au MA2. Hiyo ndiyo alama ya oili iliyopimwa kwa klachi ya aina hiyo.

Oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, usiitie kwenye injini yoyote kati ya hizo mbili. Imetengenezwa ichanganywe na petroli na iungue nayo. Mpe mwenye msumeno wa mnyororo au mashine ya kukatia nyasi yenye injini ya namna hiyo.

Umri wa chupa nao utazame. Oili ambayo haijafunguliwa, ikikaa mahali pakavu pasipo jua kali, watengenezaji wengi huihesabia miaka mitano hivi. Iliyofunguliwa huvuta unyevu na vumbi, na mimi siitii kwenye injini ikipita mwaka mmoja au miwili. Chupa iliyokaa bila kizibo, au yenye ukungu na vipande vinavyoelea, hiyo usijiulize mara mbili: si ya injini tena. Itafaa kwa bawaba za mlango, kwa nati zilizoshika kutu, kwa nyuzi za jiliwa, na kupangusia spana na nyundo zisipate kutu. Tone moja na kitambaa vinatosha. Mnyororo wa baiskeli usiupake. Oili ya injini hukamata vumbi likawa kama msasa.

Na kile kinachobaki ukutani mwa chupa baada ya kumimina? Hapo subira inalipa. Oili ya 5W-30 kwenye nyuzi joto 20 ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ilivyo kwenye nyuzi 40. Kwa hiyo chupa iweke juani kwanza ipate joto, kisha iinamishe juu ya faneli, mdomo chini, uiache mpaka asubuhi. Utapata vijiko kadhaa ambavyo vingeishia jalalani, na chupa itakuwa nyepesi kwa watu wa kuchakata plastiki, ambao hawapendi chupa inayochuruzika.

Sasa njoo kwenye yale madumu mawili, ambako rafiki yako na baba wana mipango.

Rafiki yako amekosea kwa namna inayoeleweka, maana ukiitazama oili chafu unaona nyeusi, na jicho linakwambia kuna uchafu wa kuchuja. Fanya jaribio hili leo. Ichuje kwa kitambaa kizuri kuliko vyote ulivyonavyo, mara tatu ukitaka. Kisha chovya kijiti, udondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kama ile ya kuchujia kahawa, na uiache ilale saa kadhaa. Katikati utaona doa jeusi, kuzunguka hapo kijivu kinachofifia kadiri kinavyotoka nje, na mara nyingine ukingoni pete angavu, ambayo ni petroli iliyojipenyeza kwenye oili. Hicho ndicho kilichopita kwenye kitambaa chako.

Sababu ni ukubwa wa chembe. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa karibu mikroni 70. Filta ya kawaida ya gari hukamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 hadi 40 hivi. Masizi yanayotoka kwenye chumba cha kuunguzia huanza na chembe za chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni, kisha hushikamana polepole. Kitambaa kwa hayo ni kama wavu wa samaki kwa mchanga. Na masizi ndiyo yenye nafuu, kwa sababu yapo kama chembe. Petroli, maji na asidi zimeyeyuka au zimetawanyika ndani ya oili yenyewe. Hakuna tundu la kitambaa linalozitenganisha.

Halafu kuna kilichoisha. Oili mpya hubeba kemikali za kazi: nyingine zinameza asidi, nyingine zinashika masizi yasigandane, nyingine, zenye zinki na fosforasi, zinaunda utando mwembamba kwenye chuma pale ambapo kilainishi kimebanwa kikaisha. Hizo hutumika kama sabuni inavyotumika. Unapoimwaga oili baada ya maelfu ya kilomita, sehemu kubwa ya sabuni hiyo imekwisha, na kuchuja hakuirudishi. Nimefungua injini iliyoendeshwa kwa oili iliyochujwa. Chini ya kifuniko cha vali palikuwa na tope zito jeusi la kuchotwa kwa bisibisi, na chujio la wavu lililo chini, pampu inakovutia oili, lilikuwa limeziba zaidi ya nusu. Mwenye chombo alikuwa akisifu jinsi alivyookoa fedha. Beringi zilikuwa zimebaki rangi ya shaba. Kwenye pikipiki yako hasara ingekuwa ya vitu vitatu kwa mpigo: injini, giaboksi na klachi.

Kwa baba nenda taratibu, maana ushauri wake ni wa zamani na una chembe ya ukweli. Nguzo iliyopakwa oili chafu hufukuza maji, na mchwa huikwepa kwa muda. Lakini oili hiyo haikauki wala haiingii ndani sana ya mbao. Inakaa juu, mvua inaishusha kidogo kidogo, na inapoishia ni udongoni. Mchwa anatoka chini ya ardhi, anaikuta mbao ambayo ndani yake hakuna dawa, anapita. Utapaka tena, na tena, na kila mara unapeleka chini risasi, zinki na mafuta mazito. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hutumia mfano huu: oili ya badiliko moja, galoni moja au karibu lita 3.8, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Kama kuna kisima karibu na uzio huo, au bustani ya mboga, sina lugha ya kupunguza uzito wa jambo hili. Mwambie baba kinachodumu ni kununua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, au kuikalisha nguzo ya mbao juu ya kiatu cha zege au chuma ili mguu wake usiguse udongo. Mbao zilizo juu ya ardhi, zisizonyeshewa, zinaweza kupakwa maji ya boraksi. Na kama kuna nguzo alizokwishapaka, siku zikitolewa zisiingie jikoni kuwa kuni.

Niongeze mawili ambayo hukuuliza, kwa sababu kwenye kila stoo yenye oili chafu hayakosi mtu wa kuyapendekeza. La kwanza ni kuwapaka wanyama, mbwa mwenye upele au ng'ombe mwenye kupe. Mnyama hujilamba, na ng'ombe wamekufa kwa sumu ya risasi baada ya kunywa oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Mwite daktari wa mifugo. La pili ni kunyunyizia uwanja ili vumbi litulie. Mji wa Times Beach, katika jimbo la Missouri huko Marekani, ulifanyiwa hivyo miaka ya 1970. Oili iliyonyunyiziwa barabara zake ilikuwa imechanganywa na mabaki ya kiwanda cha kemikali yenye dioksini, sumu kali, na mwaka 1983 serikali ikaamua kuununua mji mzima na kuwahamisha wakazi wake. Najua oili yako haijachanganywa na dioksini. Ninachotaka ukione ni kwamba oili chafu hubeba chochote ilichokutana nacho, na aliyeimwaga barabarani hana namna ya kukiokota tena.

Kuichoma pia hapana, si kwa majiko ya kutengeneza mwenyewe yanayodondosha oili kwenye sufuria ya moto. Ikiwa na maji ndani, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha oili inayowaka nje. Viwanda vya saruji huichoma, ni kweli, lakini humo ndani ya tanuri malighafi hufikishwa nyuzi 1,450 hivi na moshi unadhibitiwa. Jiko la uani halifiki karibu na hapo; zinki na risasi zinapanda na moshi na kushuka ulipo.

Halafu mikono yako. Mtu anayebadilisha oili mwenyewe kwa miaka mitano, naomba nimuulize: kitambaa cha kufutia unakiweka wapi? Kama ni mfuko wa suruali, acha leo. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafisha mabomba ya moshi, akaihusisha na masizi yaliyojaa kwenye nguo zao. Mwaka 1933 watafiti walitenga bensopireni, kemikali iliyomo pia kwenye masizi, kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na leo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, inaiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyohiyo huongezeka ndani ya oili kadiri injini inavyofanya kazi. Kuguswa mara moja si msiba. Kinachohesabika ni miaka ya kitambaa kilichoroa kikisugua ngozi ileile. Vaa glavu za nitrili, nawa kwa sabuni na siyo kwa petroli, maana petroli inaondoa mafuta ya ngozi na kuufungulia uchafu mlango. Ukiona kidonda kisichopona, kijinundu kinachokua, au ukurutu usioisha kwenye mikono au mapaja, nenda ukaonane na daktari wa ngozi na umwambie wazi kwamba unafanya kazi na oili chafu.

Basi lita thelathini ziende wapi? Ziende kusafishwa upya, na hapo ndipo moyo wako wa kutopenda kutupa utakapotulia. Molekuli za oili yenyewe hazichakai kirahisi; kilichoharibika ni vilivyoingia na kemikali zilizoisha. Kiwandani huondoa maji na petroli kwa joto, kisha huichemsha oili chini ya ombwe ili ipande bila kuungua, na kuimalizia kwa haidrojeni. Inatoka oili ya msingi inayoweza kutiwa kemikali mpya na kurudi kwenye injini. Hesabu inayotumiwa ni hii: ili kupata lita 2.4 za kilainishi kutoka kwenye mafuta ghafi unahitaji karibu lita 159 za mafuta hayo. Kutoka kwenye oili chafu, lita 3.8 zinatosha. Madumu yako mawili ni malighafi nzuri kweli, ila mtambo wake haupo uani kwako.

Uliza gereji kubwa, wauzaji wa oili, au ofisi ya taka ya eneo lako nani ana kibali cha kukusanya. Akija, muulize anaipeleka wapi. Mwenye kazi halali atakujibu bila kusita. Mpaka siku hiyo, itunze kwenye dumu la plastiki lenye kizibo cha kukaza, mahali penye kivuli, juu ya sinia, watoto wasipofika. Usilijaze mpaka shingoni: lita 20 zikipanda joto nyuzi 30 huongezeka kwa karibu lita 0.4, na isipopata nafasi itatokea kwenye kizibo. Andika kwa kalamu nene OILI CHAFU na tarehe. Wala usimimine humo mafuta ya breki, tina ya rangi au petroli uliyooshea vyuma. Kikombe kimoja cha vitu hivyo kinaweza kumfanya mkusanyaji aliache dumu zima. Filta nazo usizitupe zikiwa zimejaa. Toboa juu, ikiwa bado na joto la kuvumilika, iinamishe juu ya dumu kwa saa 12.

Sasa madumu matupu. Kwa shemeji jibu ni hapana, na namwomba asinichukulie vibaya. Hapana kwa maji ya kunywa, ya kupikia, mafuta ya kula, maziwa, na hata maji ya mifugo. Mengi ya madumu haya ni ya plastiki ya HDPE. Utaona namba 2 ndani ya alama ya pembetatu chini yake. Plastiki hiyo ni imara, lakini oili hupenya kidogo kidogo ndani ya ukuta wake. Mwombe ajaribu: alioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka aridhike, alijaze maji, aliweke juani siku nzima, kisha afungue na kunusa, na kutazama usoni pa maji kwa mwanga wa pembeni. Kuna harufu, na mara nyingi kuna utando wenye rangi za upinde wa mvua. Sabuni imesafisha uso. Kilichomo ndani ya ukuta kinarudi polepole kila linapopata joto.

Kazi yake bora kuliko zote ni ile iliyozaliwa nayo: kubeba oili. Madumu mazima, yenye vizibo vyake, yaweke ya kupelekea oili chafu kwa mkusanyaji. Mengine kata. Chupa ya lita moja ikikatwa chini inakuwa faneli. Ya lita nne ikikatwa ubavu mmoja inakuwa sinia ya kukingia oili siku ya kuimwaga, au ya kuwekea nati usizipoteze. Petroli usiweke humo, hata ya akiba. Vizibo vyake havikutengenezwa kuzuia mvuke wa petroli.

Yale utakayoyatoa kwa wanaokusanya plastiki, yatoboe na kuyachana lebo kwanza, nakusihi. Chupa nzima yenye lebo safi na kizibo chake ina soko lisilo la plastiki. Kuna watu wanaozijaza oili chafu iliyopaushwa, wanabandika sili na kuiuza kama mpya. Dakika moja ya kisu inaweza kuokoa injini ya mtu usiyemjua.

Pipa la bati, tafadhali, lisikatwe. Fundi atakwambia oili ya injini haiwaki kirahisi, na ana haki; inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ndipo mvuke wake ushike moto. Lakini moto wa gesi au cheche za grenda huupasha utando uliobaki ukutani na kwenye mshono mpaka unavunjika kuwa mvuke mwepesi, ndani ya chombo kilichofungwa, chenye hewa. Pipa "tupu" linapolipuka, mfuniko wake huruka kwa nguvu ya kuua, na anayekata huwa ameliinamia. Kulisuuza kwa maji hakutoshi kuondoa kilicho kwenye mshono. Kama mnahitaji pipa la taka, tafuteni lile ambalo mfuniko wake wote hufunguka kwa pete ya chuma. Hilo halihitaji kukatwa. Hili lako lipelekwe zima kwa wanaonunua mapipa.

Tumefika kwenye oili ya rangi ya kahawa na maziwa. Oili haiwi na rangi hiyo kwa uzee. Inakuwa hivyo maji yanapopigwa ndani yake mpaka yakawa matone madogo mno yasiyojitenga. Kama ungekuta povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili tu, na gari lako huenda safari fupifupi, ningesema ni unyevu wa hewa ambao haujapata joto la kukauka. Lakini wewe umeimwaga yote na yote ilikuwa na rangi hiyo. Hapo ni maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, na mara nyingi njia yake ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua, au kipozeo cha oili kilichopasuka, au ufa kwenye chuma chenyewe. Maji hayo hayawezi kubeba uzito ambao beringi za kreki shafti zinabeba. Kila dakika injini inapozunguka nayo, chuma kinakaribia chuma, na gharama inahama kutoka gasketi kwenda injini nzima.

Umefanya vyema kuliweka dumu hilo peke yake, na libaki hivyo. Ukilichanganya na yale mengine utayaharibia soko. Halafu maji ya rejeta yenye glaikoli, kemikali inayotiwa yasigande wala kuchemka upesi, ni matamu na ni sumu; mbwa hunywa, na mtoto anaweza kuonja. Kizibo kikazwe, liandikwe OILI NA MAJI YA REJETA, na mkusanyaji aambiwe.

Kwa kuwa ulishatia oili mpya, nenda sasa hivi, bila kuwasha injini, uchomoe stiki uangalie. Tazama pia maji kwenye chupa ya akiba ya rejeta kama yamepungua, na kifuniko cha rejeta usikiguse kama kuna joto. Kisha mwite fundi wa injini aje alipo, umwonyeshe oili ya zamani kidogo kwenye chupa angavu, umweleze kama gari limewahi kupandisha joto na kama linatoa moshi mweupe mzito asubuhi. Muombe apime mfumo wa maji kwa presha kabla hajafungua chochote. Kama oili mpya kwenye stiki nayo imeanza kupauka, gari livutwe mpaka gereji, lisiendeshwe.